Thomas Addison: Tabibu aliyefichua siri ya tezi mbili zilizopuuzwa

KWA karibu miaka 300 wataalamu wa Ulaya walijua kwamba juu ya kila figo la binadamu kuna tezi ndogo ya rangi ya manjano, yenye uzani wa gramu chache tu. Kazi yake hawakuijua. Mwitaliano Bartolomeo Eustachi alikuwa ameieleza tezi hiyo katika karne ya 16, na mnamo 1716 chuo cha wasomi cha Bordeaux, Ufaransa, kikatangaza tuzo kwa yeyote ambaye angebainisha manufaa yake. Insha zilipowasilishwa, mwandishi Montesquieu, ambaye alitwikwa jukumu la kuzitolea ripoti, hakuona hata moja iliyostahili. Tuzo haikutolewa.

Aliyekuja kuanza kulifumbua fumbo hilo, zaidi ya karne moja baadaye, hakuwa akiwania tuzo yoyote. Alikuwa Thomas Addison, daktari wa hospitali ya Guy's jijini London, mwana wa muuza unga kutoka mashambani. Tena alikuwa akitafuta jambo jingine kabisa.

Addison alizaliwa miaka ya 1790 katika kijiji cha Longbenton, karibu na mji wa Newcastle, kaskazini mwa Uingereza. Babake, Joseph, alikuwa na duka la unga na vyakula. Hakuwa tajiri wa kutajika, lakini alijinyima ili mwanawe asome. Katika shule aliyosomea mjini Newcastle, kijana huyo alikimudu Kilatini kiasi kwamba baadaye aliweza kuandika madokezo ya mihadhara kwa lugha hiyo bila kusitasita. Babake alitamani awe wakili. Mwana akachagua udaktari, na mnamo 1812 akajiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambacho wakati huo kilikuwa miongoni mwa vyuo vya tiba vilivyosifika mno duniani.

Alihitimu mnamo 1815. Tasnifu yake ilihusu kaswende na zebaki, sumu ambayo madaktari wa enzi hizo waliitumia kama dawa ya ugonjwa huo. Kisha akaelekea London, akafanya kazi katika hospitali ya magonjwa ya zinaa na kujifunza chini ya Thomas Bateman, bingwa wa maradhi ya ngozi. Mafunzo haya hayapaswi kupuuzwa katika habari za maisha yake. Madaktari wengi waliutazama ulimi wa mgonjwa na kumpima mapigo ya moyo, wakaridhika. Addison alijifunza kuisoma ngozi.

Mnamo 1817 aliingia Guy's. Ingawa tayari alikuwa na shahada, alijisajili kama mwanafunzi na kulipa karo upya. Hakuondoka tena hospitalini humo hadi mwaka aliofariki. Aliteuliwa daktari msaidizi mnamo 1824, akawa mhadhiri wa dawa mnamo 1827, na ikamchukua hadi 1837 kufikia cheo cha daktari kamili. Wakati huo huo Guy's ilikuwa na Richard Bright, aliyeeleza maradhi ya figo yaliyopewa jina lake, na Thomas Hodgkin, ambaye saratani ya matezi ya limfu bado inaitwa kwa jina lake. Ni nadra hospitali moja kuwa na watu watatu wa kiwango hicho kwa wakati mmoja.

Mnamo 1839 Addison na Bright walitoa kitabu cha kufundishia udaktari kilichobeba majina yao wawili, ingawa sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa ya Addison. Hata hivyo, Bright ndiye aliyevuma mjini na kufuatwa na wagonjwa matajiri. Addison hakuwa na kipaji cha kujipendekeza kwa wenye nazo. Alitumia saa nyingi katika wadi za maskini, akigonga vifua kwa vidole, akisikiliza mapafu, akirudia uchunguzi uleule hadi pale aliporidhika kwamba ameng'amua chanzo cha ugonjwa. Wapo waliomlaumu kwamba alijali zaidi kuutambua ugonjwa kuliko kuutibu. Lawama hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini dawa zenyewe za wakati huo, zebaki na kutoa damu mwilini zikiwemo, ziliua wengi, na huenda daktari mzito wa kuandika dawa alikuwa nafuu kwa mgonjwa.

Darasani alikuwa simba. Sauti yake ilijaa ukumbi, na wanafunzi walimheshimu wakichanganya heshima hiyo na woga. Walimwona mwenye majivuno. Waliomjua kwa karibu walieleza mambo tofauti: kwamba ukali ule ulikuwa ngao ya mtu mwenye haya nyingi, aliyetetemeka moyoni kila aliposimama kuhutubia. Alioa akiwa amekwisha kupita umri wa miaka 50, mnamo 1847, katika kanisa la Lanercost karibu na mpaka wa Scotland. Mkewe, Elizabeth Hauxwell, alikuwa mjane mwenye watoto wawili. Addison hakupata watoto wa kuwazaa.

Kwa miaka mingi kulikuwa na aina moja ya upungufu wa damu iliyomkosesha raha. Wagonjwa walipauka, wakaishiwa nguvu, wakafa, bila ya kuvuja damu wala kuwa na uvimbe wowote. Aliifungua miili yao baada ya kifo, asione sababu. Mnamo Machi 1849 aliwaeleza madaktari wenzake wa kusini mwa London habari za ugonjwa huo, akataja kwamba katika baadhi ya maiti alikuta zile tezi za juu ya figo zimeharibika. Leo inajulikana kwamba alikuwa amechanganya magonjwa mawili. Upungufu wa damu ule unatokana na mwili kushindwa kufyonza vitamini B12, wala hauhusiani na tezi. Ila katika kuufuatia wa kwanza ndipo alipojikwaa kwenye wa pili.

Kitabu chake kilitoka mnamo 1855. Kilikuwa chembamba, chenye michoro ya rangi, na kilieleza wagonjwa 11. Dalili alizozipanga hazijahitaji kubadilishwa sana hadi leo: unyonge unaozidi siku hadi siku, moyo unaopiga kwa udhaifu, tumbo linalochafuka na kutapika, na ngozi inayogeuka rangi na kuwa ya hudhurungi au ya moshi. Uchunguzi wa maiti ulionyesha tezi zilizoliwa na maradhi. Wagonjwa kadhaa walikuwa na kifua kikuu kilichohamia kwenye tezi hizo. Wengine walikuwa na saratani.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba Addison hakudai kujua kazi ya tezi hizo. Alichosema ni kwamba zikiharibika mtu hufa, na hufa kwa namna inayotambulika. Kutokana na hilo, ilibidi kukiri kwamba kiungo kilichodhaniwa kuwa ziada ya maumbile kilikuwa kikiubeba uhai.

Paris ilimsikia haraka. Daktari mashuhuri Armand Trousseau ndiye aliyependekeza ugonjwa huo uitwe kwa jina la Addison. Naye Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Port Louis, Mauritius, katika bahari yetu hii ya Hindi, alifanya majaribio mnamo 1856 kwa kuwatoa wanyama tezi hizo. Wanyama walikufa upesi. Wapinzani wakadai waliuawa na majeraha ya upasuaji, wakaleta mfano wa panya waliobaki hai. Haikuwa imejulikana kwamba baadhi ya panya wana vipande vidogo vya tezi hiyo penginepo mwilini, vinavyoweza kushika zamu.

Uingereza kwenyewe mapokezi yalikuwa baridi. Walikuwepo waliosema kwamba mabadiliko ya ngozi ni sadfa tu, na kwamba kuna maiti zilizokutwa na tezi mbovu bila ngozi kugeuka rangi. Aliyesimama kumtetea ni mwanafunzi wake, Samuel Wilks, aliyeendelea kukusanya wagonjwa wa aina hiyo kwa miaka mingi. Addison mwenyewe hakuishi kuona ubishi huo ukiisha.

Alikuwa amesumbuliwa na sonona mara kwa mara maishani, na ilipofika mwanzo wa mwaka 1860 hakuweza tena kuendelea na kazi. Alijiuzulu na kuwaandikia wanafunzi wake kuwaaga. Familia ikampeleka Brighton, mji wa pwani, kwa matumaini kwamba hewa ya bahari ingemtuliza, na watu wakawekwa kumwangalia usiku na mchana. Mnamo Juni 29, 1860, alijitoa uhai. Sheria ya Uingereza wakati huo ilikihesabu kitendo hicho kuwa jinai, na iliendelea kufanya hivyo kwa karne moja zaidi, hadi 1961. Alizikwa Lanercost, kwenye kanisa alikofungia ndoa.

Yaliyofuata ni kazi ya vizazi. Katika miaka ya 1890 ilithibitishwa kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka sehemu ya ndani ya tezi hizo hupandisha shinikizo la damu, na mwanzoni mwa karne ya 20 adrenalini ikatengwa. Wengi wakadhani fumbo limekwisha. Lakini wagonjwa wa Addison walipopewa adrenalini waliendelea kufa. Uhai haukuwa katika kiini cha tezi, bali katika ganda lake.

Ufunguo ulipatikana katika damu. Mnamo 1932 Robert Loeb wa New York alionyesha kwamba wagonjwa hawa hupoteza chumvi ya sodiamu kwa wingi, na kwamba kuwapa chumvi kuliwarefushia maisha. Kadiri sodiamu inavyopotea, potasiamu inarundikana. Potasiamu ni madini yaliyomo katika ndizi, viazi na maharagwe, na mwili hauwezi kuishi bila hayo. Lakini yakizidi kiwango katika damu, moyo hupiga ovyo na unaweza kusimama. Mtu mwenye tezi timamu hali ndizi tatu akafa; figo lake huitoa ziada ile katika mkojo. Linaloliagiza figo kufanya hivyo ni homoni iitwayo aldosteroni, iliyotengwa mnamo 1953 na Sylvia Simpson na James Tait jijini London. Ganda la tezi ya Addison ndilo linaloitengeneza.

Lilibaki swali: tezi inajuaje kwamba potasiamu imezidi katika damu? Haina macho wala pua. Jibu limo katika kuta za seli zake, ambako kuna vijia vyembamba mno vinavyopitisha potasiamu peke yake. Ndani ya seli kuna potasiamu nyingi, takribani mara 30 ya iliyomo katika damu, na kwa hiyo saa zote inachuruzika nje kupitia vijia hivyo. Kila chembe inayotoka huondoka na chaji chanya, na seli hubaki na chaji hasi ndani, mfano wa betri iliyojazwa. Maadamu betri imejaa, seli imetulia, haitengenezi homoni.

Potasiamu ikiongezeka katika damu hata kidogo, mchuruziko ule hupungua kwa kuwa nje nako kumejaa. Betri inafifia. Hapo milango mingine, ya kalsiamu, inafunguka. Kalsiamu inaingia, na seli inaanza kutengeneza aldosteroni. Homoni inasafiri hadi kwenye figo, figo linatoa potasiamu na kushika sodiamu, damu inarudi katika kiwango chake na vijia vinaendelea kuchuruzisha kama awali. Njia nyingine ni ya angiotensini, homoni inayozalishwa mwili unapopungukiwa na maji au damu. Hii huvifunga vijia vyenyewe, na matokeo ni yaleyale.

Wagonjwa 11 wa Addison walikuwa wamepoteza utaratibu huo wote. Mlinzi aliyehisi potasiamu na mjumbe aliyelipasha figo habari walikuwa wameangamia pamoja, na pamoja nao kotisoli, homoni nyingine ya ganda hilo inayousaidia mwili kustahimili maradhi na njaa. Udhaifu wa moyo ambao Addison aliuhisi kwa vidole vyake kwenye mikono ya wagonjwa ulitokana kwa sehemu na chumvi na maji yaliyokuwa yakiwatoka bila wao kujua. Mwaka 1855 hapakuwa na kipimo cha kumwonyesha hayo.

Katika mwaka wa 100 baada ya kitabu chake, yaani 1955, Jerome Conn wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alieleza kinyume cha ugonjwa huo. Mgonjwa wake alikuwa mwanamke wa miaka 34, mwenye shinikizo la juu la damu, misuli dhaifu inayokakamaa na potasiamu kidogo mno katika damu. Tezi yake moja ilikuwa na uvimbe uliotoa aldosteroni bila breki. Ulipoondolewa, alipona.

Sababu ya uvimbe wa aina hiyo kukaidi amri haikujulikana hadi 2011. Watafiti wakiongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Yale waligundua kwamba katika vivimbe 8 kati ya 22 walivyovichunguza, jeni ya kijia kimojawapo cha potasiamu, inayojulikana kama KCNJ5, ilikuwa na kasoro. Kijia kilikuwa kimepoteza uteuzi wake, kikawa kinaruhusu sodiamu kuingia. Betri ya seli haikujaa tena, milango ya kalsiamu ikabaki wazi, na aldosteroni ikamiminika usiku na mchana. Herufi moja tu katika jeni ilitosha kumletea mtu shinikizo la damu lisilosikia dawa za kawaida. Utafiti uliofuata Marekani umeonyesha kwamba miongoni mwa watu weusi kasoro iliyo mbele zaidi ni ya mlango wa kalsiamu, ambao ni hatua ya pili katika mnyororo huohuo. Jambo hili lina uzito kwa bara ambako shinikizo la damu limeenea na vipimo vya aldosteroni ni adimu.

Kuhusu ngozi, maelezo yalipatikana pia. Ubongo unapohisi kwamba kotisoli imepungua, tezi iliyo chini yake humwaga homoni ya kuihimiza ile ya juu ya figo. Homoni hiyo, ikizidi, huamsha pia seli zinazotengeneza weusi wa ngozi. Addison aliuona ushahidi huo kwa urahisi kwa kuwa wagonjwa wake walikuwa Wazungu. Kwa Mwafrika, dalili hii hupita bila kuonekana iwapo daktari anatazama uso pekee. Pa kutazama ni ufizi na ndani ya mashavu, mikunjo ya viganja, viungo vya vidole na makovu mapya, ambako weusi huzidi kuliko ilivyokuwa. Nayo TB, iliyowaua baadhi ya watu wa kitabu kile, ingalipo nchini na ingali miongoni mwa visababishi vya ugonjwa huu. Katika mataifa tajiri, kisababishi kikuu sasa ni mwili kuzishambulia tezi zake wenyewe.

Hadi miaka ya 1930 kupatikana na ugonjwa wa Addison kulikuwa sawa na hukumu ya kifo. Kotisoni ilibadilisha hali hiyo, na waliohusika katika ugunduzi wake, Edward Kendall, Tadeus Reichstein na Philip Hench, walituzwa Nobel mnamo 1950. Siku hizi mgonjwa humeza haidrokotisoni na fludrokotisoni kila siku, huongeza kipimo anapougua homa au kufanyiwa upasuaji, na anaweza kuishi miaka mingi. Akikosa tembe hizo kwa siku chache tu, anarudi pale walipokuwa wale 11.

Mgonjwa maarufu kuliko wote alikuwa John F. Kennedy, ambaye wakfu wa familia yake uligharamia safari za wanafunzi wa Kenya kwenda Marekani mnamo 1960. Aligunduliwa kuwa na maradhi hayo jijini London mnamo 1947. Wasaidizi wake waliyaficha katika kampeni za urais, wakicheza na maneno kwamba hana ugonjwa wa Addison wa asili, yaani ule wa kifua kikuu. Aliongoza taifa lake akitumia dawa ambazo Addison hakuwahi kuziota.

Guy's iliipa wadi moja jina la Addison. Katika jumba la makumbusho ya tiba la hospitali hiyo, Gordon, zimehifadhiwa sampuli za viungo kutoka kwa wagonjwa wa Bright, Hodgkin na Addison. Zile za Addison ni tezi zilizoharibika, na wanafunzi wa udaktari bado wanaingia humo kuzitazama.